Kuhuisha picha mnato kwa vifremu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu programu za kuhariri video: Premiere Pro, DaVinci Resolve, Kdenlive na CapCut, pamoja na KineMaster pale inapotofautiana na nyingine. Majina ya vitufe tumeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini. Hesabu zote ni za video ya 1920×1080 yenye fremu 25 kwa sekunde, isipokuwa tukisema vingine.

## Misingi

Kifremu ni nini hasa?

Ni alama unayoiweka kwenye sekunde fulani ya klipu kuiambia programu: hapa picha iwe na ukubwa huu na ikae mahali hapa. Ukiweka alama ya pili mbele yake yenye thamani tofauti, programu inajaza fremu zote za katikati. Mwendo wa sekunde 6 una fremu 150. Wewe umepanga ya kwanza na ya mwisho, na hizo 148 zilizobaki zimepigiwa hesabu na mashine.

Wazo limetoka kwa wachora katuni wa karatasi: mchoraji mkuu alichora mikao muhimu, wasaidizi wakajaza michoro ya katikati. Wahariri wengi hulitamka jina lake kwa Kiingereza, keyframe. Hapa tunaandika kifremu na vifremu, kama vile kipilefti kilivyozaa vipilefti na hakuna aliyelalamika.

Ni vitu gani vinaweza kuwekewa kifremu?

Karibu kila kitu chenye namba: mahali picha ilipo, ukubwa, mzunguko, uwazi, ukungu, mwangaza, hata sauti. Kwa picha mnato, mahali na ukubwa ndivyo vitakavyofanya kazi kubwa. Mzunguko utumie kwa nadra.

"Ken Burns" ndiyo kitu hikihiki?

Ni aina moja tu ya matumizi yake: kuivuta picha karibu polepole au kuisogeza kando, kama alivyozoea kufanya Ken Burns, mtengenezaji wa filamu za kumbukumbu wa Marekani. Apple iliipa mbinu hiyo jina lake ilipoiweka kwenye iMovie mwaka 2003. Mbinu yenyewe ni ya zamani kuliko yeye. Kwenye programu nyingi kuna kitufe kinachoifanya bila kuuliza, lakini kitufe hakijui uso wa nani ndio muhimu, kwa hiyo mara nyingi kinavuta kuelekea katikati, penye meza ya keki.

## Kuandaa picha

Picha iwe kubwa kiasi gani ili isififie nikiivuta karibu?

Gawanya upana wa picha kwa upana wa video. Picha ya simu ya megapikseli 12 ina pikseli 4000×3000. 4000 ÷ 1920 ni 2.08, maana yake ukianza ikiwa imejaza upana wa skrini unaweza kuivuta mara mbili bila kupoteza ukali. Zaidi ya hapo programu inaanza kubuni pikseli ambazo hazikuwepo. Kuzidisha kwa asilimia 10 hadi 20 hakuna atakayegundua. Ukizidisha mara tatu, hata mtazamaji wa nyuma kabisa ukumbini ataona.

Njia fupi: angalia Scale (asilimia ya ukubwa) ya Premiere kwenye kifremu cha mwisho. Ikiwa chini ya 100, uko salama.

Ndugu wamenitumia picha kwa WhatsApp. Zinafaa?

Zikitumwa kwa njia ya kawaida hubanwa hadi karibu pikseli 1600 upande mrefu. Hiyo ni ndogo kuliko upana wa video yenyewe, kwa hiyo picha imeshanyooshwa kabla hujaweka kifremu hata kimoja. Omba zitumwe upya kama dokumenti, si kama picha. Aliyenayo akishindwa, basi iache picha hiyo ionekane ndogo, na mandhari ya nyuma iwe nakala yake iliyotiwa ukungu. Usogezaji uwe mdogo.

Nina picha za karatasi za zamani. Niziskani vipi?

Picha ya sentimita 10×15 ikiskaniwa kwa dpi (nukta kwa inchi) 300 inatoa takribani pikseli 1800×1200, ambazo hazitoshi kuvutwa. Kwa dpi 600 inatoa kama 3600×2400, na hapo una nafasi ya kucheza. Picha ya pasipoti ya sentimita 3.5×4.5, ambayo kwenye video za kumbukumbu ya marehemu mara nyingi ndiyo pekee iliyobaki, iskani kwa dpi 1200 upate kama 1650×2100.

Kuongeza dpi juu ya hapo hakuongezi sura ya mtu. Unachokiskani ni chembechembe za karatasi tu. Karatasi zenye vinundu kama sega la asali ndizo sumbufu zaidi, kwa sababu vinundu vyenyewe vitametameta picha ikianza kusogea (tazama *Mistari myembamba inametameta* hapo chini).

Kama huna skana, tumia simu: picha ilale bapa karibu na dirisha, flashi izimwe, simu iwe sambamba na karatasi. Ukiinamisha simu kidogo tu, fremu ya mlango iliyo nyuma ya babu itaonekana imepinda, na kosa hilo litaonekana zaidi utakapovuta karibu.

Picha yangu ni kubwa, lakini kwenye Premiere inafifia kila nikiivuta. Kwa nini?

Huenda ulichagua Scale to Frame Size. Amri hiyo inaibana picha iwe na pikseli za video na kutupa zilizozidi, hivyo ukivuta unavuta kijipicha. Bofya klipu kwa kitufe cha kulia, izime amri hiyo, kisha chagua Set to Frame Size. Hii inabadilisha namba ya Scale tu na kuacha pikseli zote mahali pake. Majina yanafanana mno, na kosa hili hurudiwa hata na wazoefu. Kagua pia mipangilio ya programu, maana mojawapo inaweza kuwa imewekwa ijitumie kwa kila picha unayoingiza.

Resolve haina tatizo hili. Kwenye ukurasa wa Edit inavuta kutoka kwenye pikseli za faili halisi.

## Kuweka vifremu

Hatua za msingi ni zipi?

Kanuni ni moja kila mahali: simama kwenye fremu, weka alama, nenda mbele, badilisha thamani.

Premiere: chagua klipu, fungua Effect Controls, nenda fremu ya kwanza, bonyeza alama ya saa iliyo kando ya Position (mahali) na ya Scale. Peleka kielekezi fremu ya mwisho, badilisha namba. Kifremu cha pili kinajiweka chenyewe.

Resolve: fungua Inspector, chini ya Transform bonyeza alama ya almasi iliyo kando ya Zoom na Position. Mengine ni yaleyale. Kwa mwendo rahisi kuna Dynamic Zoom: kisanduku cha kijani ni mwanzo, chekundu ni mwisho.

Kdenlive: weka efekti ya Transform kwenye klipu. Kifremu cha mwanzo kinakuwa tayari kipo, wewe ongeza cha mwisho.

CapCut ya simu: gusa klipu, peleka kielekezi mwanzoni, gusa almasi yenye alama ya kujumlisha. Sogea mbele, kisha panua picha kwa vidole viwili.

KineMaster: klipu za mstari mkuu zina Pan & Zoom, yenye mkao wa mwanzo na wa mwisho tu. Ukitaka vifremu kamili, ingiza picha kama leya (tabaka juu ya mstari mkuu) na utumie alama ya ufunguo.

Nimegusa tena alama ya saa kwenye Premiere na vifremu vyote vimepotea!

Ndivyo inavyofanya kazi: kuizima ni kufuta vifremu vyote vya sifa hiyo. Bonyeza Ctrl+Z haraka.

Picha inatulia, halafu inaruka ghafla. Nimekosea wapi?

Una vifremu viwili vilivyokaribiana bila wewe kujua. Ulitaka kurekebisha kifremu cha mwanzo, lakini kielekezi kilikuwa fremu mbili au tatu mbele yake. Programu haikurekebisha kilichopo, iliweka kipya. Panua mstari wa muda utaziona almasi mbili zimebanana. Futa moja. Kuanzia hapo, kabla ya kubadilisha namba yoyote rukia kifremu kwa vimishale vidogo vilivyo pembeni mwa almasi, usikitafute kwa mkono.

Nataka kumalizia kwenye uso wa mtu mmoja ndani ya picha ya kundi. Namba nazipataje?

Unaweza kuivuta kwa macho, lakini hesabu ni fupi na haikosei. Chukua picha ya harusi ya 4000×3000. Bibi yuko safu ya pili, na ukiifungua kwenye programu ya picha uso wake unausoma pikseli 2800 kutoka kushoto na 1100 kutoka juu. Kitovu cha picha ni 2000, 1500. Bibi basi yuko 800 kulia kwa kitovu na 400 juu yake.

Mwanzo: Scale 48, ambapo picha inajaza upana, Position 960, 540. Mwisho: Scale 96. Zidisha umbali kwa 0.96, upate 768 na 384. Ili bibi aje katikati, picha isogee kushoto 768 na ishuke 384: Position inakuwa 192, 924. Kingo zote bado ziko nje ya skrini, hakuna weusi utakaoonekana.

Namba hizi ni za Premiere, inayohesabu kutoka pembe ya juu kushoto. Resolve inahesabu kutoka katikati ya skrini, sifuri ikiwa kitovu na Y ikipanda kuelekea juu, kwa hiyo kushuka ni namba hasi.

## Kasi na mwendo

Nivute kwa kiasi gani na kwa muda gani?

Kwa uso wa mtu mmoja, kutoka 100 hadi 108 au 112 ya ukubwa wa kuanzia kwa sekunde 6 kunatosha. Mtazamaji ahisi tu kwamba anasogezwa. Picha ya kundi inahitaji sekunde 8 au zaidi, kwa sababu watu wanatafutana humo. Sekunde 5 ambazo programu nyingi huipa kila picha ni chache kwa picha yenye watu 30.

Na si lazima kila picha isogee. Video ya picha 60 zinazovutwa karibu moja baada ya nyingine inachosha kuliko zilizotulia. Vuta karibu panapostahili kutazamwa. Rudi nyuma pale ambapo kilicho pembeni kinabadilisha maana, kwa mfano ukianza na mikono iliyoshikana kisha ukafunua nyumba iliyokuwa nyuma yao.

Mwendo unaanza na kusimama kama umegonga ukuta.

Vifremu vyako ni vya mstari ulionyooka: kasi ni ileile mwanzo hadi mwisho. Kwenye Premiere bofya kifremu cha kwanza kwa kitufe cha kulia, nenda Temporal Interpolation, chagua Ease Out. Cha mwisho kipe Ease In. Kwenye Kdenlive badilisha aina ya kifremu iwe Smooth. CapCut ina grafu za kuchagua baada ya kusimama katikati ya vifremu viwili.

Lakini kama picha inaingia na kutoka kwa kufifishana na nyingine, acha mwendo ulionyooka. Ukilainisha, picha itakuwa imeshasimama kabla ya mpito kuanza, na utaona video inapumua na kukata pumzi kila baada ya sekunde chache.

Nikivuta sana, mwendo unaanza kwa kasi halafu unachoka. Vifremu vimenyooka kabisa!

Jicho linahesabu uwiano, haliongezi namba. Kutoka 100 kwenda 110 ni ongezeko la asilimia 10, lakini kutoka 390 kwenda 400 ni asilimia 2.6 tu. Programu imeongeza 10 pande zote mbili, jicho limeona kitu kingine. Ukirudi nyuma kutoka 400 hadi 100, kasoro inageuka: mwendo unakimbia mwishoni.

Dawa ni kifremu cha katikati, nacho kisiwe wastani wa kawaida. Zidisha mwanzo kwa mwisho, tafuta kipeuo cha pili. Kwa 100 na 400 jibu ni 200, si 250. Kwa 100 na 300 ni 173. Kisha lainisha kifremu hicho ili pasionekane kona. Kwa mvuto mdogo, tuseme chini ya 130, usijisumbue.

Uso ninaouvuta unayumba njiani kabla ya kufika katikati.

Ukubwa na mahali haviendi pamoja. Ama vifremu vyake haviko kwenye fremu ileile, ama kimoja umekilainisha na kingine bado kimenyooka. Vipange vianze pamoja, viishe pamoja, na vyote viwe na ulaini uleule. Kifremu cha katikati tulichokitaja hapo juu nacho kiwekwe kwa vyote viwili.

## Kasoro zinazojirudia

Ukingo mweusi unachungulia.

Umesogeza kuliko nafasi uliyo nayo. Picha ya uwiano wa 16:9 iliyokuzwa hadi 120% ina upana wa pikseli 2304, yaani ziada ya 384, ambayo ni 192 kila upande. Position ya mlalo inaweza kutembea kati ya 768 na 1152 tu.

Mzunguko unakula nafasi zaidi ya watu wanavyodhani. Kuizungusha picha ya 16:9 kwa nyuzi 2 kunadai uikuze hadi karibu 107% ili pembe zisionekane. Nyuzi 5 zinadai 116%.

Picha inasogea polepole lakini kwa kudundadunda.

Piga hesabu ya pikseli kwa fremu. Ukisogeza pikseli 100 kwa sekunde 10, ni 0.4 kwa kila fremu. Programu inayokadiria namba kuwa pikseli kamili itaiacha picha isimame fremu mbili au tatu, iruke moja, isimame tena. Ongeza umbali au punguza muda ufike angalau pikseli 1 au 2 kwa fremu.

Upande wa pili nao una balaa lake. Pikseli 1920 kwa sekunde 2 ni 38 kwa fremu, na hapo jicho linaona picha nyingi zilizopangana badala ya mwendo. Punguza kasi, au washa ukungu wa mwendo kama programu inao.

Kabla ya yote, hakikisha si mashine yako tu inayohema. Toa faili la sekunde 10 za video ulitazame nje ya programu. Mara nyingi faili liko safi na onyesho ndilo lililokwama.

Mistari myembamba inametameta: mabati, kitenge, matofali.

Picha kubwa imeshushwa ukubwa, na mistari yake inagongana na safu za pikseli za skrini. Kila picha inaposogea, mgongano unahama. Weka ukungu kidogo sana, tena kwenye picha hiyo pekee, au tumia Anti-flicker Filter ya Premiere iliyo ndani ya Motion, inayokwenda 0 hadi 1. Anza chini, panda hadi umeto utulie. Ikiwa picha ina pikseli 8000 na hutaivuta karibu, ipunguze kwanza kwenye programu ya picha hadi 3000 hivi.

Picha inaganda wakati wa mpito.

Mpito huchukua fremu zilizo nje ya ncha za klipu, na huko hakuna vifremu vyako. Kama mpito ni wa sekunde 1 uliokaa katikati ya mkato, nusu sekunde ya kila picha haina mwendo. Refusha klipu, sogeza vifremu hadi nje ya ncha, kisha ikate tena irudi urefu wake. Vifremu vitabaki vimejificha huko, na mwendo utaendelea chini ya mpito.

Nimefupisha klipu na mwendo haufiki mwisho.

Vifremu vimefungwa kwenye picha, havihami na mkasi. Kifremu cha mwisho sasa kiko nje. Kisogeze kirudi ndani.

Vifremu viwili vina mahali palepale, lakini picha inazurura kati yake kisha inarudi.

Hii ni ya Premiere na After Effects. Njia ya mwendo hupindwa kiotomatiki, na kifremu cha kabla au cha baada kinaivuta. Bofya vifremu hivyo viwili kwa kitufe cha kulia, Spatial Interpolation, chagua Linear.

## Hali zisizo za kawaida

Picha ni ya wima, video ni ya mlalo.

Ukiijaza kwa upana, picha ya 3000×4000 inakuwa 1920×2560, na ziada ya wima ni pikseli 1480. Itumie: anza miguuni upande hadi usoni, au anza usoni ushuke kwenye nguo. Kwa sekunde 8 ni pikseli 7.4 kwa fremu, kasi inayotazamika. Video ya wima ya 1080×1920 yenye picha ya mlalo ina ziada ileile ya 1480, safari hii kando.

Nina picha 80. Niweke vifremu kimoja kimoja?

Tengeneza miendo mitatu au minne, nakili klipu, kisha bandika sifa zake kwa Paste Attributes kwenye nyingine. Tahadhari ni moja: Scale hunakiliwa kama namba. Mwendo wa 48 hadi 53 uliotengenezwa kwa picha ya pikseli 4000 ukibandikwa kwenye ya 1600 utakupa kijipicha kilichozungukwa na weusi. Zipunguze au zikuze picha zote ziwe na upana mmoja kabla ya kuanza.

Nataka mtu ajitenge na mandhari yaliyo nyuma yake.

Mkate mtu kwenye programu ya picha, mhifadhi kama PNG isiyo na mandhari. Kwenye picha ya asili jaza shimo aliloacha. Si lazima kufunika vizuri sehemu ambayo mwili hautawahi kuiachia. Weka mandhari leya ya chini, mtu leya ya juu. Mandhari yaende 100 hadi 104, mtu 100 hadi 112, muda uleule, ulaini uleule.

Kinachoharibu kazi hii ni nywele na kingo kali. Lainisha ukingo kwa pikseli 2 au 3. Na kama miguu inaonekana ikigusa ardhi, usijaribu: mtu atateleza juu ya sakafu.

Kwenye programu mwendo ni laini, faili lililotoka linakwama kila baada ya muda mfupi.

Linganisha fremu za mstari wa muda na za faili. Mstari wa 25 ukitolewa kwa 30, programu inarudia fremu moja katika kila tano, na mvuto wa polepole ndio unaoifichua. Toa kwa 25. Kama video itaungana na klipu za simu za fremu 30, panga mstari wa muda uwe 30 kabla ya kifremu cha kwanza, kwa sababu kubadilisha baadaye kunaweza kuvihamisha vifremu nusu fremu huku na kule.

Kwa faili la 1080 lenye fremu 25, YouTube yenyewe inapendekeza megabiti 8 kwa sekunde. Anga tupu au ukuta uliopakwa rangi moja ukivutwa polepole unaweza kutoa mabaka kwa kiwango hicho. Toa kwa 12 hadi 16, na uongeze chembechembe kidogo juu ya picha hiyo.